GARI LA FAHARI NA HAKI YA NJIA



Huenda ukastaajabu leo kukuta katika kurasa hizi, ambazo umezoea kusoma ndani yake habari za sala na funga na malezi ya watoto, mazungumzo juu ya springi na shokomzoba za gari. Lakini dini yetu haikuacha jambo lolote la mwanaadamu bila ya kulimulika. Leo hakuna mtaa wa pwani yetu usiokuwa na kijana mwenye gari la mwendo, wala hakuna mzazi wake alalaye kwa raha mpaka asikie mlango wa gari hilo ukifungwa usiku. Basi nimeona ni juu yangu kukusimulia yaliyonipata, upate faida wewe, na ukiwa na kijana umpe naye asome.

Miaka michache iliyopita nilinunua hapa Mombasa, mkononi mwa mtu, gari aina ya Toyota Altezza. Wanaolijua hawahitaji kuelezwa. Kwa kulitazama ni gari la nyumbani, lenye milango minne na buti nyuma, lakini limeundwa kwa ajili ya mwendo. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila gurudumu, la mbele na la nyuma, limeshikwa na mikono ya chuma juu na chini, mfano wa magari ya mashindano. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, likaacha kuundwa mwaka 2005. Zingatia sana miaka hiyo, kwani ndiyo ufunguo wa kisa chote: lililo changa kabisa katika magari hayo lina miaka 20 au zaidi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa radhi nalo. Kisha maradhi yakaniingia kwa mlango wa baraza. Jioni tulikuwa tukikaa karibu na msikiti kungojea sala ya Isha, na wenzangu wakanifanyia mzaha. "Altezza gani hii," husema, "imesimama juu kama korongo?" Mmoja wetu gari lake lilikuwa chini hata paka hapiti. Mzaha ule ulinichoma kuliko ilivyostahili, nami si mtoto, umri wangu umekwisha pindukia 30.

Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 95,000. Nikajiambia kwamba nataka gari lishike njia vizuri zaidi, lisilale upande katika kona. Maneno hayo yalikuwa ni kweli, lakini hayakuwa kweli yote. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kichochoroni, akazitoa springi zote nne, akazikata kila moja mzunguko mmoja na nusu, akazirudisha. Kwingine nikanunua rimu kubwa pamoja na tairi nyembamba za mtumba. Kwa siku moja nusu ya akiba yangu ilikwisha, na gari likawa chini.

Nilipopita barazani jioni ile watu waliinuka kulitazama. Wallahi, nilihisi kifua kimenijaa. Nakueleza haya si kwa kujisifu, bali upate kujua ugonjwa ulianzia wapi.

Tena nilidhani nimefaulu. Gari halikulala upande kama zamani, na kila kijiwe cha njiani nilikihisi mgongoni. Nikauchukulia ule ugumu kuwa ndio utulivu. Hili, ndugu yangu, ni kosa la wengi: hudhani gari likiwa gumu ndipo limeshika njia. Mama yangu, ambaye ana maumivu ya nyonga ya siku nyingi, alipopanda alikuwa akifika kwenye tuta hushika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, na midomo yake inacheza kwa dhikri. Hakusema neno. Nami kwa kuwa hakusema, sikuuliza.

Siku moja tulikuwa tukienda Malindi, safari ya kiasi cha kilomita 120, kumtazama mama mdogo ambaye alikuwa mgonjwa. Baada ya kuvuka daraja la Kilifi manyunyu yakaanza. Mbele yetu palikuwa na kona ndefu, na katikati ya kona lami ilikuwa imebonyea. Sikuwa katika mwendo wa wazimu, lakini nilikuwa na haraka. Gari lilipoingia katika ule mbonyeo nilisikia kishindo chini, kisha nyuma ya gari ikaniacha. Nakuambia ikaniacha, kwani usukani ulikuwa mkononi mwangu ilhali gari lilikuwa likienda litakako. Likayumba kulia, likayumba kushoto, likatoka nje ya lami na kusimama mchangani.

Hatua chache mbele yetu walikuwa wamesimama watoto wanne watokao chuoni, mabuku yao wameyaficha ndani ya nguo yasiingie maji. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alikuwa na kandambili moja mguuni, ya pili imebaki pale alipokuwa amesimama kabla ya kuruka. Akaja taratibu akaichukua, akanitazama, akaenda zake.

Mama alitoa shahada. Tulikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hili gari umemtengenezea nani?"

Sikuwa na jibu. Siku kadhaa baadaye jamaa mmoja alinielekeza kwa fundi mwingine, mtu mzima ambaye amefanya kazi ya magari tangu ujana wake. Nilikwenda nikiwa bado na ujinga wangu. Nikamwambia: "Ami, nataka koilova, zile zinazopandishwa na kushushwa, nipate kulitengeneza gari mara moja lishike njia." Akaniambia: "Mwanangu, mgonjwa hutazamwa kwanza, dawa ikafuata."

Akaliingiza gari kwenye shimo lake, akachukua mtaimbo, akaniita chini nione. Alipousukuma mtaimbo baina ya mkono wa chuma na bodi, mkono ule ulicheza kama jino bovu. Bushi, yaani ile mipira inayoshika maungio ya mikono, zilikuwa zimekauka na kupasuka kwa umri. Boljointi moja ya mbele ilikuwa imelegea. Shokomzoba mbili za nyuma zilikuwa zimevuja mafuta mpaka vumbi limegandamana juu yake. Kisha akanisomesha tairi zangu. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kuundwa. Zangu ziliandikwa 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Kwa macho zilikuwa na meno mazuri, lakini mpira wake ulikuwa mgumu kama pembe.

Akaniambia: "Wewe umempaka mgonjwa wanja."

Mzee huyu angeweza kuniuzia hizo koilova siku ile ile na kupata faida yake, kwani fedha nilikuwa nazo mfukoni na mteja alikuwa mjinga. Hakufanya hivyo. Alikaa nami karibu saa nzima akinieleza kila kitu kina kazi gani. Nami nakupa muhtasari wake kama nilivyofahamu.

Gari zima, pamoja na roho zilizomo ndani yake, limeshikana na ardhi kwa mahali pane tu, na kila mahali hapazidi sana kiganja cha mkono. Kila tunachokinunua na kukifunga chini ya gari, kazi yake ya mwisho ni moja: kuvifanya viganja hivyo vinne visiachane na barabara. Ukishafahamu hilo, utajua kwa nini tairi ndiyo ya kwanza katika hesabu, na kwamba hapana springi wala shokomzoba itakayolifaa gari ambalo tairi zake zimekufa.

Springi kazi yake ni kubeba uzito na kuruhusu gurudumu lipande na kushuka bila ya gari zima kupanda na kushuka. Lakini springi ikibonyezwa hutaka kurudi, na ikirudi hupitiliza, kisha hurudi tena. Shokomzoba ndiyo inayoituliza, kwa kuupitisha mwendo ule katika mafuta na kuugeuza joto. Kwa hiyo viwili hivi ni mume na mke, lazima walingane. Springi ngumu juu ya shokomzoba dhaifu ni farasi asiye na hatamu.

Na ile springi niliyoikata? Springi ikikatwa huwa fupi, na pia huwa ngumu zaidi. Lakini mwisho wake haukai sawa katika kiti chake, na gurudumu likining'inia huweza kutoka mahali pake. Wengine huzichoma kwa moto ili zilale, na hilo ni baya zaidi, kwani moto huiharibu tabia ya chuma chenyewe. Tena, gari likishushwa bila ya mpango, nafasi ya gurudumu kupanda hubaki ndogo. Chini ya bodi mna mpira wa kikomo uliowekwa kwa dharura. Gurudumu likipanda na kugonga kikomo hicho, ule ulaini wa springi hutoweka kwa ghafla, tairi hubamizwa na kupoteza barabara. Hicho ndicho kile kishindo nilichokisikia. Ongeza juu yake tairi kavu, lami yenye maji, bushi zilizolegea zinazoliacha gurudumu ligeuke bila ya idhini ya usukani, na gari linalosukumwa kwa nyuma, utafahamu kwa nini liliniacha.

Nilimuuliza pia juu ya lile fito la chuma linalounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, wanaloliita stebilaiza, kwani barazani nilikwisha ambiwa nilinunue nene la nyuma. Akanifahamisha kwamba fito hilo hupunguza gari kulala upande, na ni kitu kizuri, lakini lina nguvu kuliko linavyoonekana. Ukizidisha unene wake kwa sehemu moja tu katika kumi, ugumu wake huzidi karibu nusu nzima. Likiongezwa mbele, gari huwa zito kukata kona. Likiongezwa nyuma, gari hukata kwa wepesi, lakini nyuma yake huwa tayari kuteleza. Kwa dereva hodari katika uwanja wa mashindano hilo huenda likawa ndilo alitakalo. Kwa mtu anayempeleka mama yake Malindi katika mvua za masika, ni kujitafutia balaa.

Basi tukapanga kazi kwa daraja, nami nakuandikia daraja hizo ili ukitaka kuliboresha gari la namna hii usianzie mwisho kama nilivyoanza mimi.

Kwanza, rudisha kilichochakaa: bushi, boljointi, na viungo vyote vya usukani. Hili halionekani na mtu wala halina sifa barazani, lakini gari zima husimama juu yake. Pili, tairi nne mpya za aina moja, za kipimo kilichokusudiwa, na upepo upimwe tairi zikiwa baridi kwa kufuata kile kibandiko cha mlango wa dereva. Tatu, shokomzoba nzuri pamoja na springi zinazolingana nazo. Ukitaka kulishusha gari, basi iwe kidogo, kwa springi zilizoundwa kwa kazi hiyo, na ukumbuke matuta yetu na mashimo yetu. Koilova nazo zina faida kwa ajuaye kuzipima, lakini za bei rahisi mara nyingi ni ngumu bila ya kuwa nzuri, na mtu asiyejua akizichezea huzidi kuharibu. Nne, alaimenti, yaani kupimwa mwelekeo wa magurudumu, kila baada ya kugusa vitu hivi. Gari likishuka, magurudumu hujiinamisha ndani kwa juu, na tairi huliwa upande mmoja bila ya mwenyewe kujua. Tano, na baada ya hayo yote, ndipo utazame kama kuna haja ya stebilaiza nene. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, uliendeshe gari, ulijue, kabla ya kugusa kingine.

Mimi nilifika daraja ya nne na kukoma. Nilitia springi za kimo kile kile cha asili, na shokomzoba zilizo imara kidogo kuliko za kwanza. Akiba yangu iliyobaki haikutosha, ikabidi nifanye kazi miezi mitatu zaidi, na kwa muda huo gari likakaa bila ya kutumika. Ile nusu niliyoipoteza siku ya kwanza ndiyo ingelimaliza kazi yote. Mwenyezi Mungu ametukataza israfu, nasi hudhani israfu ni kumwaga chakula tu.

Ndugu msomaji, sasa nifikie jambo lililonipa tabu kuliko yote. Gari lilipokuwa limekaa, kijana mmoja wa baraza yetu alinijia. Alitaka kununua zile springi zilizokatwa na zile tairi za 2014. Akanitajia shilingi 12,000. Fedha hizo nilikuwa nazihitaji, na kijana mwenyewe ndiye aliyetaka, mimi sikumwita. Shetani akaniambia: muuzie, ni mtu mzima, na dunia imejaa springi za namna hiyo. Usiku mzima niliyapindua maneno hayo kichwani.

Kisha nikakumbuka kile kisa mashuhuri cha Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika chungu ya nafaka ya mfanyabiashara, na vidole vyake vikakuta rutuba chini ya nafaka kavu. Sote tunajua jinsi alivyolikemea jambo lile. Nikaona gari langu la siku zile lilikuwa ni chungu ile ile: juu linang'aa, chini limeoza. Na sasa nilikuwa nataka kuifungasha rutuba yangu na kumuuzia kijana ambaye naye ana mama. Asubuhi nikazipeleka springi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakanipa fedha isiyotosha hata nauli ya wiki, na tairi nikazichana kwa msumeno ili asije akazifunga mtu. Kijana yule alikasirika nami. Nilimweleza sababu, na sijui kama aliikubali.

Tumefunzwa kuwa njia ina haki zake, na moja katika haki hizo ni kuzuia maudhi. Tumefunzwa pia kuwa kuondoa kitu chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Mwenye kuokota mwiba akauweka kando ana thawabu zake, basi nini hali ya yule ambaye yeye mwenyewe, kwa fedha yake, ametengeneza mwiba wa zaidi ya kilo elfu moja na kuuingiza barabarani? Na tunapopanda chombo tuna dua tuliyofunzwa, ambayo ndani yake twakiri kuwa Mola ndiye aliyetutiishia chombo hicho, na sisi wenyewe hatukuwa na uwezo nacho. Nilikuwa nikiisoma dua hiyo kila siku kwa ulimi. Siku ya ile kona ndipo nilipoijua maana yake.

Sisemi kwamba kulipenda gari zuri ni haramu, wala kwamba kijana akitaka gari lake lishike njia amekosa. La. Gari linalotulia katika kona na kusimama linapoambiwa ni neema, na kulitunza ni kuitunza amana. Lakini jiulize lile swali la mama kabla ya kufungua mkoba: unamtengenezea nani? Ikiwa ni kwa ajili ya wanaokaa ndani yake na wanaosimama kando ya njia, utaanzia chini, palipo na bushi na boljointi, ambapo haoni mtu. Ikiwa ni kwa ajili ya baraza, utaanzia panapoonekana. Luqman alipomuusia mwanawe hakuacha kumuusia juu ya mwendo wake, kwamba uwe wa kati na kati na usiwe wa kiburi. Naye mwanawe alikuwa akitembea kwa miguu!

Tulikwenda tena Malindi, mama na mimi. Gari lilipita katika matuta ya Mtwapa bila ya yeye kushika mpini, na kabla ya kufika Kilifi alikuwa amelala. Nilipofika pale penye ile kona nilipunguza mwendo zaidi kuliko siku ya kwanza, ingawa sasa gari lingeweza kupapita kwa kasi na lisitikisike. Hapakuwa na watoto njiani siku ile, lakini chuo chao kiko pale pale, na kila siku ya chuo hutoka.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuziona aibu zetu zilizofichika chini kabla ya kuyapamba yaliyo juu, awahifadhi vijana wetu njiani, na awarehemu wote ambao waliondoka majumbani mwao kwa safari fupi wasirejee. Aamin.

Wabillahi tawfiq.